Nilivuta bangi kabla na baada ya kujua nina mimba: je, mtoto wangu ameshaumia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26 na hii ni mimba yangu ya kwanza, ina wiki 13. Kwa miaka mitatu nimekuwa navuta bangi kila usiku, msokoto mmoja, nachanganya na tumbaku kidogo. Nilipojua nina mimba nilipunguza, ila kichefuchefu kilipozidi nikarudia kwa sababu hakuna kingine kilichonituliza. Rafiki yangu alivuta mimba nzima na mtoto wake ni mzima kabisa. Siku tano zilizopita nimeacha. Silali, nina hasira na kila mtu, hasa mume wangu ambaye bado anavuta. Nataka kujua: mtoto ameshaumia? Niseme kliniki au ninyamaze? Na nikijifungua nitaruhusiwa kunyonyesha?

JIBU: Marahaba binti yangu. Naanza na lile linalokunyima amani. Kwa uvutaji uliouacha wiki ya 13, uwezekano mkubwa ni kwamba utajifungua mtoto mzima. Siwezi kukuandikia hati ya kwamba hakuna kilichotokea, na hakuna daktari mkweli atakayekuandikia hati ya namna hiyo. Ninachoweza kukueleza ni hatari zilizopo, ukubwa wake, na sababu kwa nini siku hizi tano zina thamani kuliko unavyodhani.

Kemikali ya bangi inayolevya inaitwa THC. Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni waliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964, na ndipo wanasayansi walipopata njia ya kuifuatilia inakokwenda mwilini. Tabia yake kubwa ni kwamba inapenda mafuta. Haioshwi na maji ikatoka kwa mkojo siku ya pili kama vitu vingine. Hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja kidogo kidogo kurudi kwenye damu, kwa siku na hata kwa wiki kwa mtu aliyevuta kila siku. Na kondo la nyuma, ambalo wengi hulifikiria kama ukuta, ni kama chujio lenye matundu makubwa kwa vitu vya aina hii. THC hupita. Kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo kuliko kilichomo kwenye damu ya mama, lakini mtoto ambaye mama yake huvuta kila usiku hupata kingine kabla cha jana hakijaisha.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nisikubali kauli ya kwamba bangi ni jani tu. Mwili wa binadamu hutengeneza vitu vyake vinavyofanana na bangi. Cha kwanza kilitambuliwa mwaka 1992 kikaitwa anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Vitu hivi havikuwekwa mwilini ili vitulevye. Vinashiriki yai lililorutubishwa linapojishikiza kwenye mji wa mimba. Baadaye, ubongo wa mtoto unapojengwa, seli change husafiri kutoka zilikozaliwa hadi zinakotakiwa kukaa, na vitu hivi ni miongoni mwa sauti zinazoziambia wapi zisimame na nani zishikane naye. THC huingia katika vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa vitu hivi. Ni kama mtoto anaitwa na mama yake kwa sauti ya chini, na mgeni anasimama katikati akiita jina hilohilo kwa sauti kubwa zaidi.

Halafu kuna moshi wenyewe, ambao watu huusahau kwa sababu mjadala wote huwa juu ya kulewa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walilinganisha wavutaji wa bangi na wavutaji wa sigara. Anayevuta bangi huvuta kwa kina na kuubana moshi kifuani, na kwa hiyo kaboni monoksaidi iliyopanda kwenye damu yake ilikuwa karibu mara tano ya ile ya mvuta sigara. Gesi hiyo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtoto tumboni hana pengine pa kupata oksijeni isipokuwa kwenye damu hiyo. Usidanganyike basi kwamba bangi ya kula, ya matone au ya mvuke ni salama. Ya kula inaondoa moshi, lakini THC inabaki palepale, na kwa kawaida mtu hula kiasi kikubwa kuliko alivyokusudia kwa sababu huchelewa kuisikia. Hata CBD, inayouzwa kama bangi isiyolevya, wasimamizi wa dawa wa Marekani waliwaonya wajawazito na wanaonyonyesha wasiitumie.

Sasa tuingie kwenye madhara yaliyoonekana. Lenye ushahidi mzito kuliko yote ni uzito mdogo wa kuzaliwa. Akademia za taifa za sayansi za Marekani zilipopitia tafiti zote mwaka 2017, huo ndio uhusiano waliouita wenye ushahidi wa kutosha kwa watoto wa mama wanaovuta. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti 24 ulikuta tofauti ya wastani ya takribani gramu 109. Utasema gramu mia ni nini? Kwa mtoto wa kilo tatu na nusu ni kama hakuna kitu. Lakini nimekaa miaka mingi kwenye wodi ya watoto wachanga, na huko gramu mia naziona kwa jicho tofauti. Mtoto ambaye kwa sababu nyinginezo angezaliwa na kilo mbili na nusu kasoro kidogo, hizo gramu mia ndizo mafuta ya kumpa joto, sukari ya akiba kwenye ini, na nguvu ya kunyonya dakika kumi bila kuchoka. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka, sukari hushuka, anasinzia akiwa kwenye titi, na asiponyonya sukari hushuka zaidi. Tunamwondoa kwa mama yake na kumweka kwenye uangalizi maalumu kwa jambo ambalo chanzo chake kilikuwa uzito tu.

La pili ni kuzaliwa kabla ya wiki 37. Utafiti uliofanywa jimbo la Ontario, Kanada, ukachapishwa mwaka 2019, uliangalia wanawake 661,617. Waliosema walitumia bangi, asilimia 12 walijifungua njiti, na wasiotumia ni asilimia 6.1. Ukiishia hapo utadhani bangi huongeza hatari maradufu. Lakini wanaovuta bangi mara nyingi pia huvuta sigara, wengine hunywa pombe, wengine wana shida za kipato. Watafiti wakalinganisha upya, safari hii wanawake wanaofanana kwa mambo hayo yote isipokuwa bangi. Tofauti ikashuka hadi karibu 3 katika kila 100. Nakuomba uikumbuke namba hii ya pili. Maana yake ni kwamba katika wanawake mia wanaotumia, kuna watoto watatu hivi waliozaliwa kabla ya wakati ambao pengine wasingezaliwa hivyo. Waliobaki tarehe zao hazikubadilika kwa sababu ya bangi. Hao watatu si wachache kwangu, nimewashika mikononi. Lakini pia si hukumu juu ya mtoto wako.

Na swali lako hasa, la mtu aliyeacha mapema, lina jibu lake. Mji wa Rotterdam, Uholanzi, wanafuatilia maelfu ya familia tangu mama akiwa mjamzito, na kati ya mambo waliyopima kwa ultrasaundi ni ukuaji wa watoto ambao mama zao walivuta bangi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba ukuaji hupungua kuanzia katikati ya mimba, uzito na hata mzunguko wa kichwa, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliovuta mimba nzima kuliko walioacha mwanzoni. Wewe uko wiki ya 13. Kwa wakati huu mtoto wako hata gramu mia hajafikisha. Karibu uzito wake wote ataupata kuanzia sasa, na robo tatu hivi ya uzito huo ataupata katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana nilikuambia siku zako tano zina thamani.

Kuhusu viungo, yaani mikono, moyo, midomo, ambavyo tayari vimeshaumbika kufikia wiki hii: bangi haimo kwenye kundi la vitu vinavyofahamika wazi kwa kuharibu umbo, kama pombe au dawa fulani za kifafa. Zipo tafiti zilizoihusisha na kasoro chache, mojawapo ile ya utumbo kutokeza nje ya tumbo, lakini hazikubaliani. Ultrasaundi ya kati ya wiki ya 18 na 22 itaangalia hayo. Usiikose.

Uliniandikia "tumbaku kidogo" kana kwamba si kitu. Kwa mtoto tumbaku si ndogo. Madhara yake kwa uzito wa mtoto yanajulikana vizuri kuliko ya bangi, na ni makubwa kuliko ya bangi, kwani nikotini hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo. Wapo wanaoacha bangi na kuendelea na sigara wakijiona wameshinda. Ziache zote mbili.

Sehemu inayoniumiza kichwa zaidi ni ubongo, maana haionekani kwenye mizani siku ya kuzaliwa. Tafiti mbili za zamani zimewafuata watoto hadi wakawa watu wazima. Mmoja ulianza Ottawa mwaka 1978 chini ya Peter Fried, mwingine ulianza Pittsburgh mwaka 1982. Hawakukuta watoto wenye akili ndogo kwa ujumla, na hilo ni la kushukuru. Walichokuta ni tofauti ndogo zinazochelewa kujitokeza: kumbukumbu na lugha wakiwa na miaka minne kwa watoto wa waliovuta sana, kisha umakini, papara, na uwezo wa kupanga mambo hatua kwa hatua walipofika umri wa shule ya msingi. Mwalimu ndiye anayeona kwanza. Ni mtoto anayeelewa somo lakini hamalizi kazi. Malezi, usingizi, lishe na shule vina nguvu kubwa juu ya mambo hayo, pengine kuliko bangi yenyewe, kwa hiyo usianze kumwogopa mtoto ambaye hajazaliwa.

Hata hivyo bangi waliyovuta mama wa Ottawa si hii ya leo. Sampuli zilizokamatwa Marekani zilikuwa na THC ya takribani asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa karibu asilimia 12. Zilizokolezwa maabara huzidi hapo mbali sana. Anayesema mama yake alivuta na yeye yuko salama huenda anasema kweli, lakini msokoto wa mama yake haukuwa huu.

Tumfikie rafiki yako. Sina sababu ya kumpinga, na mtoto wake nampenda awe hivyohivyo mzima. Lakini nikusimulie jambo moja, kwa sababu watu wanaotetea bangi wakati wa mimba hulitaja kila mara. Mwaka 1994 Melanie Dreher, muuguzi na mwanaanthropolojia, alichapisha utafiti wake wa Jamaika, uliowalinganisha watoto wachanga 24 wa mama wanaotumia bangi na 20 wa mama wasiotumia. Siku ya tatu hapakuwa na tofauti. Walipofikisha mwezi mmoja, watoto wa wavutaji walionekana watulivu na imara kuliko wenzao! Ukisoma hapo tu utawasha. Lakini Dreher mwenyewe aliandika kwamba wale mama waliovuta sana walikuwa na elimu zaidi, walijitegemea zaidi kifedha, na walikuwa na watu wazima wengi nyumbani wa kuwasaidia na watoto wachache wa kulea. Mtoto aliyekuwa akibebwa, akinyonyeshwa kwa wakati na kuongeleshwa ndiye aliyekuwa mtulivu. Utafiti huo naupenda sana kwa kile unachofundisha kuhusu mama aliyepumzika. Bangi haukuitakasa.

Kichefuchefu. Najua kwa asiyekipitia ni neno jepesi. Kuamka na kutapika nyongo, kuchukia harufu ya mume wako mwenyewe, kushindwa hata kumeza mate. Ulitafuta nafuu, na mtu kutafuta nafuu si uovu. Isitoshe, hukuwa peke yako katika kudanganywa. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Colorado walichapisha matokeo ya kupiga simu kwenye maduka 400 yanayouza bangi kihalali, mpigaji akijifanya mjamzito wa wiki nane mwenye kichefuchefu. Maduka karibu 7 katika kila 10 yalimshauri atumie bangi. Wauzaji hao hawakuwa na taaluma yoyote ya uzazi.

Zipo dawa zilizopimwa kwa wajawazito wengi kwa miaka mingi. Ya kwanza ni vitamini B6, yaani piridoksini, peke yake au pamoja na doksilamini. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Kula kidogo kidogo, kabla hujashuka kitandani, na kutoliacha tumbo likae tupu, husaidia kuliko inavyosikika. Vikishindikana vyote hivyo daktari ana dawa nyingine za ngazi ya juu, kwa hiyo usikubali kuambiwa "vumilia, ndiyo mimba". Ukipitisha siku nzima bila kitu kukaa tumboni, mkojo ukawa mweusi au ukakauka, ukasikia kizunguzungu ukisimama, au ukatapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo ukaongezewe maji. Mwisho wa mwaka 2023 wanasayansi walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka hasa kwenye kondo, ndiyo yenye mkono mkubwa katika kutapika huku. Nakutajia ili ujue kuwa hujifanyi, na si woga wala udhaifu.

Jambo jingine uliangalie mwenyewe kwa ukweli. Je, kutapika kwako kulitulia ulipooga maji ya moto sana, na ukajikuta unaoga mara tatu, mara nne kwa siku? Bangi ikitumika kila siku kwa muda mrefu huwageuka baadhi ya watu, ikawa yenyewe ndiyo inayowatapisha. Madaktari wa Australia walieleza ugonjwa huo mwaka 2004, na maji ya moto ndiyo dalili inayoutambulisha. Mjamzito mwenye hali hiyo huchukuliwa kuwa ana kutapika kwa mimba, anavuta zaidi ili apone, na hali inazidi. Tiba yake ni kuacha.

Hasira na kukosa usingizi ulionao ni arosto. Bangi nayo ina arosto, ingawa wengi hukana. Huanza siku ya kwanza au ya pili, hukaza ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua ifikapo wiki ya pili. Usingizi huchelewa zaidi kurudi, na ukirudi huja na ndoto nzito za ajabu, zisikutishe. Sasa sikia tofauti muhimu: mraibu wa pombe au wa dawa za usingizi akikata ghafla anaweza kupata degedege, na mjamzito hatakiwi kufanya hivyo bila daktari. Kuacha bangi ghafla hakuna hatari hiyo kwako wala kwa mtoto. Kwa hiyo siku ya tano uliyoniandikia ilikuwa karibu na kilele, na ukisoma haya utakuwa umeanza kuteremka. Usiizibe nafasi ya bangi kwa pombe au vidonge vya usingizi vya kununua mwenyewe. Na ukiteleza usiku mmoja, usiseme "nimeshaharibu, bora niendelee". Kesho yake iwe siku ya kwanza tena. Ukiona ulikuwa unavuta ili kuzima wasiwasi au huzuni iliyokuwepo kabla ya mimba, hilo litibiwe kama ugonjwa wake, maana unyogovu usiotibiwa nao humgusa mtoto.

Useme kliniki? Ndiyo, useme. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui methali nyingine iliyotungwa kana kwamba inawahusu wajawazito namna hii. Nitakuambia nilichokiona. Tuliletewa kichanga wa siku moja, anatetemeka mikono na taya, analia kwa sauti nyembamba, anashtuka kila mlango ukifungwa. Mtoto anayetetemeka hivyo anaweza kuwa ameishiwa sukari, au madini ya chokaa, au ana maambukizi kwenye damu, na hilo la mwisho huua kwa saa chache. Hatukuwa na ruhusa ya kubahatisha. Tukamchoma kisigino mara nyingi, tukamtoa damu, tukamchoma mgongoni kutoa maji ya uti, tukamwanzishia dawa za sindano. Siku ya tatu mama akamnong'oneza muuguzi kwamba alivuta bangi hadi wiki ya kujifungua. Vipimo vyote vilikuwa safi. Kutetemeka kukaisha kwa utulivu, giza na kukumbatiwa ngozi kwa ngozi. Sikumlaumu, kwani kabla ya hapo, kwenye kliniki aliyoanzia, aliuliza kuhusu bangi akafokewa mbele ya foleni nzima. Aliyemfokea ndiye aliyetupa sisi kazi ya kumchoma mtoto.

Lakini sitakuficha kwamba sheria hazifanani. Kuna mahali taarifa hiyo hubaki kwenye faili lako, na kuna mahali hospitali hulazimika kuwaarifu watu wa ustawi wa watoto. Kwa hiyo kabla hujaeleza, uliza: "Nikikuambia jambo kuhusu nilichotumia, linaandikwa wapi na nani atalisoma?" Ni swali la haki, na mtoa huduma mwema hatalikasirikia. Ujue pia kwamba bangi ya kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wa mama kwa wiki kadhaa, na kwamba kile choo cha kwanza cheusi cha mtoto huhifadhi alama za vitu vilivyotumika katika nusu ya pili ya mimba. Wewe ukibaki ulivyo leo, nusu hiyo ya pili itakuwa safi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linawataka watoa huduma wamuulize kila mjamzito kuhusu vileo na dawa za kulevya, tena bila kumhukumu. Una haki ya kusikilizwa namna hiyo. Ukikosa kwa mmoja, mtafute mwingine, ila mimba usiiache bila kliniki. Anayekimbia kliniki kwa aibu hupoteza kipimo cha damu, cha shinikizo la damu na cha ukuaji, na hasara hiyo mara nyingine huzidi ile ya bangi.

Ukiwaeleza, omba jambo moja mahususi: ukuaji wa mtoto upimwe kwa makini katika miezi mitatu ya mwisho, si kwa kukadiria kwa macho. Mtoto anayechelewa kukua akijulikana mapema, hupangiwa wakati na mahali pa kuzaliwa.

Kunyonyesha utaruhusiwa, na nataka unyonyeshe. Ila maziwa ni mafuta, na nimeshakueleza THC inavyopenda mafuta. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima maziwa ya wanawake 50 ulikuta THC kwenye sampuli 63 katika kila 100, na iliwahi kuonekana hadi siku sita baada ya mama kutumia mara ya mwisho. Ndiyo maana ile mbinu ya pombe, ya kusubiri saa chache kisha kunyonyesha, haifai kwa bangi. Kukamua na kumwaga hakusaidii pia, kwa sababu maziwa yanayofuata hutoka kwenye mwili uleule wenye akiba ileile. Wewe utakuwa umekaa miezi sita bila kuvuta, basi maziwa yako hayatakuwa na THC. Baada ya kujifungua ndipo wengi hurudia, usingizi ukiwa haba na mwili unauma. Jipange kwa wiki hizo tangu sasa. Ikitokea umevuta, usiache kunyonyesha kimyakimya wala usiendelee kimyakimya; mweleze mkunga mpange pamoja.

Mwisho ni mume wako. Katika utafiti wa Rotterdam, bangi ya baba haikuhusishwa na ukuaji wa mtoto tumboni. Hivyo sina la kumlaumu kwa yaliyopita. Ninalomwomba ni kwamba asivutie ndani kamwe, wala kwenye gari, kwa sababu moshi utakufikia wewe sasa na kichanga baadaye, na kwa sababu mtu aliye kwenye arosto hawezi kukaa chumba kimoja na harufu ile. Mtoto akizaliwa, mzazi aliyelewa asilale naye kitanda kimoja, maana halisikii titi au mkono ulipomziba mtoto pumzi. Na kama kuna bangi ya kula nyumbani, ifungiwe juu, kwani mtoto atakapoanza kutambaa ataiona kama kitu kitamu. Mpe asome barua hii mwenyewe, usimsimulie.

Kliniki ijayo nenda ukiwa umeandika tarehe ya hedhi yako ya mwisho, tarehe uliyovuta mara ya mwisho, kiasi cha tumbaku, na kila dawa uliyomeza tangu mimba ianze, hata za kununua dukani. Kisha muulize daktari kuhusu piridoksini siku hiyohiyo.